Koti la Wakoli

Wekoye alikuwa na makoti ishirini na matatu. Jioni ile akabaki na moja.

Hayakuwa makoti ya kuvaa. Yalikuwa picha ndani ya kompyuta, kila moja mwili wa mtu kuanzia shingoni hadi kiunoni, umevalia koti na tai, bila kichwa. Wenye studio wote wa Kitale walikuwa na makoti ya namna hiyo. Mtu akifariki, familia huja na kitambulisho chake, au na kipicha kilichokunjika ambamo marehemu amevaa fulana ya kampeni, na wanataka atokee kwenye programu ya mazishi, ile karatasi wanayogawiwa waombolezaji, akiwa nadhifu. Basi unakata kichwa, unakiweka juu ya koti, unalainisha shingo, na mjane analia kwa shukrani. Kazi hiyo ilikuwa imemlisha Wekoye miaka kumi na miwili.

Mama Kabura, aliyemfundisha kazi, alikuwa na sharti moja tu. Koti likishavaliwa na marehemu, lipumzike mwezi mzima kabla ya kuvaliwa na mwingine. Hakueleza kwa nini. Wekoye akaamua mwenyewe kwamba ni ujanja wa biashara, ili watu wa kijiji kimoja wasije wakaona marehemu wawili ndani ya suti moja. Alikuwa hodari wa kujielezea mambo, huyu Wekoye. Asilolijua alikuwa na maelezo yake tayari, na mara nyingi ndani ya maelezo hayo alikuwemo mtu wa kulaumiwa.

Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka 2009. Jua lilishazama nyuma ya maghala ya mahindi, na Wekoye alikuwa anahama. Kompyuta yake kubwa, sanduku jeusi lenye feni nne lililomfika magotini, aliinunua enzi za video za harusi. Sasa video zote zilichukuliwa na vijana. Yeye alibaki na picha za pasipoti na za matanga, na kwa kazi hiyo ilimtosha kompyuta ndogo mpya, ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Tena ndogo ndiyo ingeenea kule Bungoma, ambako mdogo wake Wakoli alikuwa amemgawia nusu ya chumba cha mbele ya nyumba yake, kinachotazama barabara, ambamo mkewe alishona nguo.

"Bado tu?" Kimaiyo aliuliza kutoka mlangoni. Ndiye aliyenunua ile kubwa. "Giza inaingia, bana, na hii pikapu si yangu."

"Dakika tano."

Kompyuta ndogo ilikuwa imekwisha kujaa. Wekoye alifuta nyimbo, akafuta kadi za Krismasi, lakini makoti yenyewe yalikuwa mazito, kila moja na vivuli vyake na mikunjo yake. Halikuingia ila moja. Akayapitia yote kwa haraka, akachagua la kijivu. Lilikuwa na mabega mapana na mwanga mzuri, na lilikubali kichwa chochote, cha mzee au cha kijana.

Lilikuwa la Wakoli. Alimpiga picha hiyo siku ya harusi yake, miaka sita iliyopita, na baadaye akakikata kichwa cha ndugu yake na kukitupa. Hakuona ubaya. Makoti mengine yote yalikatwa kutoka kwa watu wa namna hiyo hiyo, walio hai na wenye afya.

"Na hizi zenye zimebaki ndani?" Kimaiyo aliuliza.

"Ukifika, futa kila kitu."

Wekoye akaizima ile kubwa. Feni zikasimama moja baada ya nyingine. Chumba kikanyamaza kwa namna ambayo hakikuwahi kunyamaza miaka yote ile, na ndani ya ukimya huo, kutoka upande wa meza ilipokaa kompyuta ndogo, akasikia kitu...

Kitambaa.

Kama mtu anayelazimisha mkono wake kupita kwenye mkono wa koti linalombana.

"Umesikia?"

"Nini?" Kimaiyo alikuwa tayari ameinama kubeba sanduku. "Shika huko."

Wekoye akashika.

*

Bungoma ilimpokea vizuri. Watu wanakufa kila mahali, na programu zikaanza kutoka tangu wiki ya kwanza: mzee wa Bumula, mwalimu mstaafu wa Sirisia, kijana wa bodaboda, mwenye duka. Wote walitokea katika koti la kijivu. Sharti la Mama Kabura halikuwezekana tena, na kwa kuwa wateja walitoka vijiji tofauti, Wekoye alijiambia hakuna atakayegundua.

Wakoli alikuwa na kiwanda kidogo cha mbao nyuma ya nyumba. Alikuwa mtu wa kubeba boriti peke yake huku akiimba. Ndiye aliyemlipia Wekoye karo baba yao alipofariki, japo yeye ndiye mdogo, na hakuwahi kumkumbusha hata siku moja. Wekoye alimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Mwezi wa sita Wakoli akaanza kushika mabega yake.

Mwezi wa saba akaacha kubeba boriti. Mwezi wa nane akaacha kutoka nje. Hospitali walipima damu, wakapima mkojo, wakapiga picha ya kifua, wakasema hawaoni kitu. Nyama ilimwisha mwilini kama sabuni. Ukimgusa, alikuwa baridi, na palikuwa na harufu... udongo uliochimbwa asubuhi, na ile dawa ya mochari.

"Ni kama nimebeba watu," alimnong'oneza Wekoye. "Wananisukuma hapa kwa shingo. Waambie wateremke, ndugu yangu."

"Nani hao?"

Wakoli aligeukia ukuta.

Kwa ugonjwa wa namna hiyo, watu hawakosi la kusema, na walilolisema lilikuwa na jina. Chepngeno. Mke huyu wa Wakoli alitoka juu mlimani, kule Cheptais. Alikuwa mkimya, hakupenda vikao vya wanawake, na miaka sita ya ndoa ilikuwa haijamfanya azoeleke kwa dada yao Rispah.

"Mimi nilisema kutoka mwanzo," Rispah alimwambia Wekoye, amemvuta pembeni mwa tangi la maji. "Si unaona vile anamwangalia? Ati hata halii. Mwanamke gani halii?"

Maneno yalimwingia Wekoye. Alishiriki chumba kimoja na shemeji yake, pazia tu katikati, na sasa akaanza kumchunguza. Kweli hakulia. Kweli alimtazama mumewe kwa muda mrefu, macho yakienda begani, kifuani, begani tena. Tena kulikuwa na jambo lingine. Kila Ijumaa na Jumamosi Chepngeno alifunga cherehani mapema, akajitanda leso, akaondoka kwa baiskeli ya bodaboda bila kusema anakwenda wapi. Wekoye aliuliza mwenye baiskeli.

"Mama huyo? Ni wa matanga tu. Juzi Sirisia, jana Bumula. Hata si watu wake. Anaingia, anachukua karatasi, anatoka."

Wekoye akarudi dukani, akalitazama lile pazia.

Siku iliyofuata, Chepngeno alipokwenda kumpa mgonjwa uji, Wekoye alivuka pazia. Alivuta droo ya cherehani. Chini ya vitambaa na vifungo, zimepangwa vizuri, zilikuwa programu za mazishi. Kumi na tisa. Alizijua zote kwa sababu alizitengeneza yeye. Nyuso za marehemu zilimtazama moja baada ya nyingine, na kwenye kila picha, kifuani upande wa kushoto, mtu alikuwa ametia alama ya chaki nyekundu.

Mahali pale pale. Juu ya moyo.

Alizirudisha harakaharaka. Sasa alikuwa na hakika, na hakika hiyo ilimpa faraja ya ajabu. Alimpigia Rispah simu. Rispah akasema kikao cha ukoo kitakaa Jumamosi, na mwanamke huyo atarudishwa mlimani siku hiyo hiyo, bila mtoto aliyemzalia Wakoli.

*

Ijumaa jioni Wekoye alikuwa peke yake dukani. Taa za barabarani zilikuwa zimeanza kuwaka. Chepngeno alikuwa nyumbani, na kwa mara ya kwanza hakuwa ameenda matangani. Wekoye alikuwa anamaliza kichwa cha mteja mpya, na kompyuta ndogo ilikuwa kimya kama kawaida yake, haina feni, haihemi.

Kile kitambaa kikasikika tena.

Safari hii kilikuwa mlangoni. Mzee mmoja alikuwa amesimama kizingitini, nusu ndani nusu nje. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu hadi vifundoni, ilhali mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Karibu, mzee."

"Sikai." Sauti ilikuwa ya chini, yenye mikwaruzo. "Nimekuja juu ya picha. Ulinitengeneza picha."

"Iko na shida?"

"Picha ni mzuri. Ni koti, mwanangu." Mzee aliinua bega moja, akaliteremsha, kama mtu aliyebanwa kwenye kiti. "Hii koti imejaa."

Wekoye hakuelewa. Kisha akaelewa kidogo. Akatazama uso ule vizuri, zile ndevu nyeupe za upande mmoja alizohangaika kuzisafisha kwa saa nzima. Bumula. Mwezi wa tano. Kichwa cha kwanza kabisa alichokiweka kwenye kompyuta mpya.

"Tuko wengi," mzee akasema. "Na mwenye koti bado yuko ndani. Anasukuma, lakini amechoka. Kesho au kesho kutwa atatuachia." Akatazama udongo miguuni pake. "Hatupendi. Lakini koti isipopumzika, mtu akivalishwa ataenda wapi?"

"Mzee..."

Hakukuwa na mtu. Kizingitini palibaki udongo mbichi, alama mbili za nyayo zinazoingia na hakuna zinazotoka.

Wekoye aligeukia kioo cha kompyuta. Alikuwa ameacha koti limefunguka, bila kichwa, linasubiri. Akalitazama kwa muda kabla ya kuona tofauti.

Mabega yalikuwa yameshuka. Kifua kilikuwa kimeingia ndani. Lile koti lililojaa vizuri kwa miaka sita lilikuwa limening'inia.

Alikimbia.

*

Chepngeno alikuwa ameketi nje ya mlango wa mgonjwa. Zile programu kumi na tisa zilikuwa mapajani mwake.

"Ulifungua droo yangu," alisema. Hakupaza sauti. "Uliziweka vibaya."

"Umemfanya nini ndugu yangu?"

"Mimi?" Alimtazama kama anayetazama mtoto mjinga. Akachukua programu ya juu, akaweka kidole kwenye chaki. "Angalia hapo. Si uangalie."

Wekoye aliangalia. Chini ya chaki palikuwa na tundu la kifungo. Matundu mengine yote yalishonwa kwa uzi wa kijivu. Hili lilikuwa la bluu.

"Uzi iliniishia usiku ya kuamkia harusi," Chepngeno alisema. "Maduka yote imefungwa. Nikamalizia na bluu, nikajua hakuna mtu ataona. Hii koti nilishona mimi, shemeji. Ya bwanangu. Nikaiona kwa matanga ya jirani, imevaa mtu mwenye amekufa. Nikafungua sanduku, koti iko. Nikasema labda macho yangu. Nikaenda matanga ingine. Na ingine. Kila mahali ni koti ya Wakoli, na kila nikirudi nyumbani amepungua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja nione kama unajua chenye unafanya."

Wekoye aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. Wiki hizo zote alikuwa akimwinda mchawi nyuma ya pazia. Naye mwenzake, upande wa pili wa pazia hilo hilo, alikuwa akimwinda yeye. Ndani, Wakoli alikohoa mara moja, kikohozi chepesi cha mtu asiye na nguvu ya kukohoa.

"Nitaifuta," Wekoye alisema. "Saa hii."

"Na wao wako ndani yake pamoja na yeye? Ukifuta, unafuta nani?"

Wekoye aliinuka. Alimpigia Kimaiyo simu kuulizia yale makoti mengine. Kimaiyo alicheka. Si aliambiwa afute? Alifuta kabla hata hajala chakula siku ile. Wekoye akarudi dukani, akatundika koti tupu kwenye hanga, akalipiga picha. Vichwa havikukaa. Kila alichokiweka kilionekana kinaelea, na alipotazama tena kilikuwa kimeteleza upande, macho yakimtazama yeye.

"Wanataka mtu," Chepngeno alisema nyuma yake. "Wape ingine. Mtu mwenye amekubali mwenyewe, mwenye bado ako na nguvu."

Alikuwa akiyatazama mabega ya Wekoye.

"Nitawapa langu," Wekoye akasema.

Chepngeno alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na sasa, kwa mara ya kwanza, akalia.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi Wekoye alikuwa amevaa koti lake jeusi, amefunga tai, amesimama mbele ya pazia jeupe la studio. Kamera ilikuwa kwenye miguu yake mitatu, imetegwa ijipige yenyewe. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza na kurudi nyuma hatua nne.

Hakubonyeza.

Tusimcheke. Aliusikia moyo wake unavyodunda ndani ya lile koti, na ghafla akaupenda sana. Alifikiria mabega yake. Alifikiria baridi ile, na harufu ile, na vichwa kumi na tisa vikipanga foleni kwenye kola yake. Alimfikiria pia Wakoli, na karo, na akajichukia kwa dhati. Akanyoosha kidole. Kikarudi chenyewe.

"Hodi humu!"

Aliyeingia alikuwa mwanamume mkubwa, mwenye kicheko kinachojaza mlango. Alijitambulisha kama Mwalimu Kimutai. Alikuwa amepata kazi shule mpya na alitaka picha nne za pasipoti. Alikuwa amevaa koti la kahawia lililomkaa sawasawa.

"Naona nawe umevaa. Ni harusi leo?"

"Hapana, mwalimu." Wekoye alivua koti lake taratibu, akalitundika. "Keti hapo. Au... hapana. Simama."

"Pasipoti ya kusimama?"

"Mwanga ni mzuri ukisimama."

Kimutai alisimama. Alikuwa na mabega mapana kuliko ya Wakoli. Wekoye alirudisha kamera nyuma hatua moja, kisha ya pili, mpaka kiuno kikaingia kwenye picha.

"Nyoosha kifua kidogo. Hapo hapo. Usipumue."

Akabonyeza.

Picha nne alizichapisha akampa, na Kimutai akaenda zake akipiga mluzi. Wekoye alifunga mlango kwa ndani. Kufikia saa nane mchana alikuwa amewavisha wote kumi na tisa upya. Vichwa vilikaa mara moja, bila hata kulainisha shingo, kana kwamba vilikuwa vinasubiri. Kisha akalifuta koti la kijivu. Kompyuta ndogo ilitoa sauti moja, pumzi ndefu ya mtu anayevua viatu baada ya safari.

Rispah na watu wa ukoo walipofika saa kumi, walimkuta Wakoli ameketi kitandani anaomba ugali. Kikao kikageuka maombi. Rispah aliimba kuliko wote, na akamkumbatia Chepngeno mbele ya watu. Wekoye alilia kwa sauti, na kila mtu akasema huyo ndiye ndugu.

Wiki nne zikapita. Wakoli alirudi kwenye mbao zake, na kazi za matanga ziliendelea kumfika Wekoye. Chepngeno hakwenda tena matangani, wala hakuuliza neno. Siku moja jioni alimwita mbele ya pazia. Alitaka kumshonea shati la shukrani.

"Simama, shemeji."

Alizungusha futi yake kifuani kwa Wekoye, akasoma. Akaizungusha mabegani, akasoma. Alifungua daftari lake la vipimo, akatafuta ukurasa wa mwezi wa tano, siku ile Wekoye alipohamia naye akamrekebishia koti lake jeusi. Akapima tena kifua, polepole zaidi. Futi ilikuwa baridi shingoni mwa Wekoye.

"Hujakonda," Chepngeno alisema.

"Mungu ni mkubwa."

"Kumi na tisa, na wengine wenye umeongeza. Hujapungua hata inchi moja." Mikono yake ilikuwa bado mabegani mwa Wekoye, haimsukumi wala haimwachi. Alinong'ona. "Shemeji. Uliwapa nani?"

Nje, nyuma ya nyumba, Wakoli alikuwa amebeba boriti na anaimba. Wekoye akanyoosha mkono wake, apimwe mkono wa shati.